Ngoma ya Bali: Jinsi wanafunzi wanavyounda onyesho ambalo hakuna awezaye kulimudu peke yake

MWANAFUNZI anayejiunga kwa mara ya kwanza na kikundi cha muziki wa Bali hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba hapewi karatasi yoyote iliyoandikwa noti. La pili ni kwamba sehemu anayofundishwa kupiga, hata akiimudu barabara, haina maana ikisikika peke yake. Ni nusu tu ya wimbo. Nusu ya pili imo mikononi mwa mwenzake aliyeketi kando yake, na endapo mwenzake huyo hatafika mazoezini siku hiyo, basi yeye naye ni kama hakufika.

Bali ni kisiwa kidogo cha Indonesia kilichoko mashariki mwa Java. Ingawa wakazi wengi wa Indonesia ni Waislamu, wakazi wengi wa Bali ni Wahindu, na ibada zao hazikamiliki bila muziki na ngoma. Muziki huo hupigwa kwa seti ya ala iitwayo gamelan. Kuna aina nyingi za gamelan kisiwani humo, lakini inayopatikana katika vijiji vingi, na ambayo wanafunzi wa nje hufundishwa kwanza, ni gong kebyar.

Gong kebyar si muziki wa kale sana. Ulizuka kaskazini mwa kisiwa takriban mwaka wa 1915, miaka michache tu baada ya Waholanzi kukamilisha uvamizi wao kwa kuangusha ufalme wa Klungkung mwaka wa 1908. Wafalme walipopoteza mamlaka na mapato yao, hawakuweza tena kugharimia wapigaji wa ikulu. Ala nyingi zikaishia mikononi mwa wanavijiji, na baadhi ziliyeyushwa na kufuliwa upya ili zitoe sauti kali zaidi. Neno kebyar lenyewe hudokeza jambo linalolipuka kwa ghafla, mfano wa mwanga wa radi. Mwaka wa 1925, kijana mmoja wa Tabanan aliyeitwa I Ketut Marya, ambaye wageni walimjua kwa jina la Mario, alibuni ngoma ya kuchezwa mtu akiwa ameketi chini, ikaitwa Kebyar Duduk. Hivyo basi, anayedhani kwamba wanafunzi wa siku hizi huigiza tu mambo yaliyoganda tangu enzi za mababu amekosea. Tangu mwanzo wake, gong kebyar ni muziki wa watu waliokuwa wakibuni mambo mapya.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili. Lugha nyingi hulazimika kutenganisha ala, mdundo, uchezaji na hafla yenyewe kwa maneno manne. Kwa Mswahili, yote hayo ni ngoma. Naye mwalimu wa Bali hatenganishi sana mambo hayo, kwani mchezaji asiyeujua muziki hawezi kucheza, na mpigaji asiyemtazama mchezaji hawezi kupiga.

Nusu kwa nusu

Seti kamili ya gong kebyar huhitaji wapigaji kati ya 25 na 30 hivi. Ala nyingi ni za bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati. Zilizo nyingi zaidi ni gangsa, ambazo ni kama marimba ya chuma: vibao kumi vilivyoning'inizwa juu ya mianzi ndani ya fremu ya mbao iliyonakshiwa. Kisha kuna reyong, safu ya vyungu 12 vya bronzi vinavyopigwa na watu wanne wanaoketi bega kwa bega, pamoja na matuazi madogo, filimbi za mianzi na ngoma mbili za kupigwa kwa mikono au kwa kirungu. Nyuma kabisa huning'inia patu kubwa. Kubwa kuliko zote, gong agung, hupigwa mzunguko wa wimbo unapokamilika, na mlio wake mzito huhisiwa kifuani kabla haujasikika vizuri masikioni.

Mpigaji wa gangsa hushika kinyundo cha mbao kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto una kazi ambayo wageni huiona ndiyo ngumu zaidi: kukibana kibao kilichotangulia ili kinyamaze wakati uleule kibao kinachofuata kinapogongwa. Asipofanya hivyo, milio huchanganyikana ikawa kelele tupu. Wiki za kwanza za mazoezi humalizikia hapo. Mkono mmoja hujifunza kusema na mwingine kunyamazisha.

Kisha huja kotekan, na hapa ndipo ushirikiano huacha kuwa jambo la adabu na kuwa sharti la muziki. Kotekan ni ufumaji wa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huitwa polos, nayo kwa kawaida huuegemea mdundo. Ya pili huitwa sangsih, na hujaza nafasi zilizoachwa na ya kwanza. Chukua mfano wa aina moja inayotumia sauti tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Anayepiga polos hupiga ya chini na ya kati, ilhali wa sangsih hupiga ya kati na ya juu. Kila mmoja ana mapengo katika sehemu yake, lakini wakipiga pamoja hakuna pengo hata moja linalobaki. Msikilizaji husikia mtiririko mmoja wa kasi ambayo mkono wa mtu mmoja usingeweza kuifikia. Kuna aina nyingine iliyo rahisi kueleza na ngumu kupiga, ambapo wawili hao hupokezana kigongo kwa kigongo, mmoja akipiga wakati mwenzake ananyamaza.

Mbinu ya namna hii si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Katika muziki wa amadinda wa Buganda, wapigaji wawili huketi wakitazamana, marimba ya vibao 12 ikiwa kati yao, na kila mmoja hujaza nafasi iliyoachwa na mwenzake. Wa tatu huokota sauti kutokana na ufumaji huo na kuzirudia kwenye vibao viwili vya juu. Mfanano wa marimba za Afrika na ala za Indonesia uliwahi kumfanya msomi Mwingereza A. M. Jones kuandika kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka wa 1964, akidai kwamba marimba zililetwa Afrika na mabaharia kutoka Indonesia. Wataalamu wengi hawakuukubali ushahidi wake. Inawezekana vilevile kwamba watu wa pande mbili za Bahari Hindi waligundua, kila mmoja kivyake, kuwa mikono minne huweza kutenda lisilowezekana kwa miwili.

Jambo jingine hufanya kila seti ya ala kuwa familia isiyotenganishwa. Ala hutengenezwa kwa jozi, na moja katika kila jozi hupandishwa sauti kidogo kuliko mwenzake. Zikigongwa pamoja, tofauti hiyo ndogo huzaa mtetemo ambao Wabali huuita ombak, yaani mawimbi. Bila mawimbi hayo, wao husema sauti imekufa. Na kwa kuwa kila fundi huchagua mwachano wake, huwezi kuchukua gangsa ya kijiji kimoja ukaichanganya na za kijiji kingine.

Kufundishwa bila kitabu

Ufundishaji wenyewe huitwa maguru panggul, maneno yanayomaanisha kwamba kinyundo ndicho mwalimu. Mwalimu huketi upande wa pili wa ala, akimkabili mwanafunzi, na kupiga vibao vilevile kwa kinyumenyume. Mwanafunzi hukifuata kinyundo cha mwalimu kwa macho, akikosea na kurekebisha. Hapati maelezo mengi. Wimbo hurudiwa kipande baada ya kipande hadi ukae mkononi.

Kwa wanafunzi waliolelewa katika mfumo wa kusoma noti, njia hii huleta dhiki mwanzoni. Wengine huandika tarakimu kwa siri kwenye vijitabu. Walimu huwavumilia kwa muda, kisha huwataka waviweke kando, na wana sababu nzuri. Macho yaliyoelekezwa kwenye karatasi hayawezi kumtazama mpiga ngoma, na katika muziki huu mpiga ngoma ndiye huamua lini mwendo uharakishwe, lini upunguzwe na lini wote wanyamaze kwa pamoja.

Wachezaji nao hufundishwa kwa mtindo unaofanana na huo. Mkao wa msingi huitwa agem. Magoti hukunjwa, mgongo hupindwa, viwiko huinuliwa usawa wa mabega na vidole hutetemeka kama majani. Mwalimu husimama nyuma ya mwanafunzi, humshika mikono, na kuufinyanga mwili wake mpaka umbo lipatikane. Macho nayo yana masomo yake. Kitendo cha kuyarusha upande mmoja na kuyarejesha kwa ghafla, kiitwacho seledet, huchukua sekunde moja jukwaani na majuma kadhaa mbele ya kioo.

Wengi huanza na Baris, ngoma ya shujaa wa vita. Muziki wake huzunguka katika midundo minane tu, hivyo kwa mpigaji wa patu ni kazi nyepesi. Ugumu wake uko kwingine. Katika Baris, mchezaji ana uhuru wa kuamua ni lini atabadili mwendo. Akitaka kufanya hivyo, hutoa ishara kwa bega, kwa mguu au kwa macho. Mpiga ngoma kiongozi huiona ishara hiyo, huigeuza kuwa pigo maalumu, na kikundi kizima hukata mdundo kwa mpigo mmoja, kisha hurejea. Mkato huo huitwa angsel. Ishara hupita kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa watu 25 katika midundo michache. Mpiga ngoma akizubaa, mchezaji huachwa amesimama katikati ya jukwaa akisubiri muziki usiokuja.

Ndiyo maana siku wachezaji na wapigaji wanapokutanishwa kwa mara ya kwanza huwa ngumu. Hadi hapo, kila upande umekuwa ukifanya mazoezi kivyake, wachezaji wakitumia muziki wa kurekodiwa, ambao haubadiliki. Sasa wanakutana na muziki ulio hai, wenye haraka na woga wa wapigaji wake. Kikundi chenye busara hukutanisha pande hizo mapema, hata kabla hazijaiva. Kingine hufanya jambo la maana zaidi: kila mchezaji hujifunza kupiga walau ala moja, na kila mpigaji hujifunza agem. Wapigaji hawatazamiwi kuwa wachezaji hodari, ila mtu aliyewahi kusimama magoti yakiwa yamekunjwa kwa dakika kumi huwa mwepesi wa kuelewa kwa nini mchezaji anaomba mwendo usicheleweshwe.

Huko Bali, mambo haya hulindwa na mpangilio wa kijamii. Wapigaji wa kila mtaa huwa ndani ya chama kiitwacho sekaa, chenye kanuni zake na faini kwa wanaochelewa au kukosa mazoezi. Ala kwa kawaida ni mali ya jamii nzima. Kikundi cha wanafunzi hakina nguvu hiyo. Mitihani ikikaribia, viti huanza kubaki vitupu, na kila kiti kitupu huacha sangsih bila polos. Vikundi vingi hukabiliana na tatizo hili kwa kumfundisha kila mpigaji sehemu zote mbili, ili aweze kuhamia upande wowote. Ni kazi maradufu, lakini mwenye kuzijua sehemu zote mbili hupiga ya kwake vizuri zaidi.

Lipi lichezwe, lipi liachwe

Kabla ya mazoezi kuanza, hata hivyo, kuna swali ambalo kikundi cha wanafunzi wa kigeni hakiwezi kulikwepa. Ni ngoma zipi zinazofaa kuchezwa mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio?

Wabali wenyewe walilijadili swali hili kabla ya wageni kuliuliza. Utalii ulipoanza kushamiri, wasomi, wasanii na viongozi wa dini walikutana Denpasar mwaka wa 1971 na kuzigawa ngoma katika mafungu matatu. Kuna wali, ambazo ni ibada yenyewe na huchezwa ndani kabisa ya hekalu. Kuna bebali, ambazo huandamana na ibada. Na kuna balih-balihan, zilizoundwa kwa ajili ya watazamaji. Shirika la UNESCO lilipoziorodhesha ngoma za Bali kuwa urithi wa binadamu mwaka wa 2015, katika kikao kilichofanyika Windhoek, Namibia, lilifuata mgawanyo huohuo wa mafungu matatu.

Hata hivyo, mipaka hiyo ina milango. Pendet ilikuwa ngoma ya hekaluni ya kupokea miungu, kisha ikaanza kutumiwa kupokea wageni. Wengine walikereka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 I Wayan Beratha akatunga ngoma mpya ya makaribisho, Panyembrama, ili ya hekaluni iachwe hekaluni. Haukupita muda mrefu kabla ya Panyembrama nayo kuanza kuchezwa katika mahekalu. Kwa mwanafunzi wa nje, somo la kisa hiki si kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Wenye ngoma ndio waliozihamisha, kwa sababu zao na kwa wakati wao. Mgeni hana budi kuuliza, na kwa kawaida anayeulizwa ni mwalimu wa Kibali anayekiongoza kikundi. Ngoma kama Legong na Baris ya jukwaani hazina utata. Ngoma za kupandisha roho, kama vile Sanghyang, hazistahili kuwa kwenye ratiba ya tamasha la chuo.

Ndani ya Bali kwenyewe, wanafunzi wa sanaa wana changamoto tofauti. Shule ya sekondari ya muziki wa jadi, KOKAR, ilifunguliwa mwaka wa 1960, na chuo cha juu cha ngoma, ASTI, kikafuata mwaka wa 1967. Chuo hicho kilikua hadi kuwa taasisi kamili ya sanaa, ISI Denpasar, mwaka wa 2003. Wanafunzi wake hutakiwa kubuni kazi mpya: mmoja hutunga uchezaji, mwingine hutunga muziki, na wenzao hujitolea kuucheza na kuupiga. Mara nyingi hujadiliana wakifuata sehemu za wimbo ambazo majina yake huufananisha na mwili, kama vile pengawak, sehemu ya katikati iliyo ya polepole, ambayo jina lake linatokana na neno la mwili. Shule hizi zimeokoa mengi. Pia zimelaumiwa, na lawama hiyo ina uzito: walimu waliofuzu humo husambaa kisiwani kote wakifundisha mtindo mmoja, na mitindo ya vijiji, ambayo zamani ilitofautiana kutoka bonde hadi bonde, hufifia. Tamasha la Sanaa la Bali, ambalo lilianza mwaka wa 1979, lina mashindano ambapo vikundi viwili huketi jukwaa moja vikitazamana na kupokezana nyimbo. Kila kimoja hutaka kumshinda jirani, na mtindo ulioshinda mwaka huu huigwa mwaka ujao.

Nje ya Indonesia, mtindo wa wanafunzi kupiga gamelan badala ya kusoma tu habari zake ulienezwa na Mantle Hood, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Katika miaka ya 1950 alianzisha vikundi vya wanafunzi, na katika makala ya mwaka wa 1960 alisisitiza kwamba anayechunguza muziki wa watu wengine sharti aweze kuupiga, sawa na anayechunguza lugha avyopaswa kuisema. Chuoni humo ndipo alipofundisha pia Colin McPhee, mtunzi aliyeishi Bali katika miaka ya 1930 na kuwasaidia wavulana wadogo wa kijiji cha Sayan kuunda kikundi chao wenyewe. Kitabu chake kikuu kuhusu muziki wa Bali kilitoka mwaka wa 1966, miaka miwili baada ya kifo chake. Mwaka wa 1979 kikundi cha Gamelan Sekar Jaya kiliundwa California, na mwaka wa 1985 kikaenda kupiga mbele ya Wabali wenyewe. Katika taasisi ya MIT, wanafunzi wa uhandisi na sayansi wamekuwa wakipiga katika Gamelan Galak Tika tangu Evan Ziporyn alipoianzisha mwaka wa 1993.

Siku ya onyesho lenyewe, kazi huanza saa nyingi kabla ya hadhira kufika. Wachezaji hufungwa vitambaa virefu kuanzia kifuani hadi nyongani, kwa kukazwa kiasi kwamba kuvuta pumzi ni shida, na hakuna anayeweza kujifunga mwenyewe. Ndiyo sababu walimu husisitiza mazoezi ya mwisho yafanywe kwa mavazi kamili. Mwili uliozoea fulana huduwaa ukifungwa. Wapigaji huvua viatu kabla ya kuingia jukwaani. Hakuna anayeruka ala, hata kama njia ni nyembamba, sharti aizunguke. Mbele ya gong agung huwekwa kikapu kidogo cha maua na ubani. Katika vikundi vingi vya vyuoni, mwalimu wa Kibali ndiye hufanya sadaka hiyo na wanafunzi, wawe wa dini gani, hutulia kimya mpaka amalize.

Watazamaji wakishaondoka, bado ala zinahitaji kutunzwa. Bronzi mpya huhama sauti kadiri miaka inavyopita, na jozi zilizolingana huanza kuyumba. Kuzirekebisha ni kazi ya fundi, na vikundi vya ng'ambo mara nyingine humwita kutoka Bali. Hukikwangua kibao upande wa chini ili kushusha sauti, au hukipiga tupa kwenye ncha ili kuipandisha, akisikiliza mawimbi baada ya kila mkwaruzo. Kisha kuna siku ya ala zenyewe, Tumpek Krulut, ambapo gamelan zote za Bali hupambwa na kutolewa sadaka. Siku hiyo huja kila baada ya siku 210, kwa kalenda isiyolingana na muhula wa chuo chochote, na vikundi vinavyoiadhimisha ng'ambo huitana hata kama ni katikati ya likizo.